Vibali vya Kujenga: Mtambo Mpya Usirudishe Mambo ya Kale

Liko neno moja ambalo siku hizi halikosekani katika hotuba za halmashauri zetu, nalo ni neno mfumo. Leseni ya duka imo katika mfumo, ushuru umo katika mfumo, na kibali cha kujenga nyumba nacho kimeingia humo humo. Mwananchi haambiwi tena aje na michoro yake kwapani. Anaambiwa akaombe kwa mtandao, katika mfumo uitwao TAUSI ulio chini ya Ofisi ya Rais, Tawala za Mikoa na Serikali za Mitaa, alipe kwa namba ya malipo, kisha angoje. Na watu wakilalamika, jibu huwa moja: subirini, mfumo unaboreshwa.

Sisi hatupingi kuboreshwa. Hasha! Mtu aliyepata kuambiwa mara tatu kwamba jalada lake limepotea katika kabati lile lile moja hawezi kuzililia zama za majalada. Fedha ya namba ya malipo yaingia katika hazina ya umma bila ya kupita mfukoni mwa mtu. Ombi lililokwisha kupokelewa na kompyuta lina tarehe yake, na karani hana njia ya kusema kwamba halikumfikia. Hayo ni mambo mema, na mwenye kuyabeza ana lake. Lakini twauliza swali moja, na twalielekeza kwa wenye madaraka wote, tangu diwani hata waziri: mfumo huu unaboreshwa kwa ajili ya nani?

Twauliza hivyo tukiitazama Simbo. Leo Simbo ni kata ya Halmashauri ya Wilaya ya Kigoma; haimo katika Manispaa ya Kigoma Ujiji. Lakini mtu mwenye macho akisimama pale barabara inapokata kwenda Ilagala na kuendelea hata Kalya, ataona kwamba mji unakuja. Mkataba wa reli mpya ya kutoka Tabora mpaka Kigoma, kilomita 506, ulitiwa saini Desemba 2022. Penye kazi ndipo watu wanapohamia, na Ujiji, Gungu na Mwanga zikijaa watu husogea nje. Shamba la michikichi linakatwa vipande vya hatua 20 kwa 20. Matofali yanachomwa papo hapo. Msingi unachimbwa Jumamosi, na kabla ya mvua za Novemba bati liko juu.

Mjenzi huyo tunamjua. Ni mvuvi aliyeweka akiba ya dagaa ya miaka minne, ni mwalimu wa shule ya msingi, ni mama anayeuza mawese. Mkononi ana karatasi moja tu: hati ya mauziano yenye muhuri wa serikali ya kijiji na majina ya mashahidi. Ramani ya nyumba imo kichwani mwa fundi: vyumba vitatu, sebule, korido katikati, jiko na choo nyuma. Basi mchukueni mtu huyo siku mji utakapomfikia, mkamketishe mbele ya mfumo uliotungwa kwa ajili ya mjini. Aulizwa namba ya kitambulisho cha taifa, pengine anayo. Aulizwa namba ya kiwanja na kitalu. Hana, kwa sababu hakuna mpima aliyepita. Aulizwa michoro ya mtaalamu, nayo iwe ndani ya faili la kompyuta, hana. Kompyuta haimtukani wala haimfukuzi. Inakaa tu pale pale kwenye kisanduku chekundu mpaka mwenyewe aondoke.

Akiondoka anakutana na kijana mwenye meza na kompyuta karibu na stendi, naye anamwambia, "Mzee, lete hapa nikujazie." Kijana anajaza kwa namba yake ya simu na kwa nywila yake mwenyewe, na mchoro anaubandika wa nyumba ya mtu mwingine kabisa. Tangu siku hiyo habari zote za nyumba ya mzee zinaingia katika simu ya mtu asiyemjua vizuri. Akihamia Kasulu kijana yule, kibali nacho kimehamia Kasulu. Dalali tuliyefurahi kumwondoa katika ukumbi wa halmashauri amepewa kazi upya, tena kazi ya ndani ya kivuli.

Wako watakaosema kwamba hayo ni matatizo madogo ya mwanzo. Sisi twasema jambo hili lina historia, na ni vizuri vijana wa chama waijue. Wajerumani walipoitawala nchi hii waliweka amri ya ujenzi Dar es Salaam mwaka 1891, na amri ya 1914 ikaugawa mji katika kanda kwa namna ya nyumba zilizoruhusiwa. Waingereza walipokuja baada ya vita walitawala kwa amana ya Shirikisho la Mataifa, na haikuwafaa kuandika waziwazi kwamba Mwafrika asikae hapa. Wakaandika aina ya ukuta. Kanda hii ni ya nyumba za namna ya Ulaya. Kanda ile ni ya maduka. Kanda ya tatu ni ya vibanda vya udongo na makuti. Hapakutajwa ngozi ya mtu, lakini kila mtu alijua Uzunguni ni wapi, Uhindini ni wapi, na Uswahilini ni wapi. Huku kwetu nako, reli ilipofika Kigoma mwaka 1914 wakubwa walijipangia mji wao juu ya bandari, na Ujiji, mji wa kale uliojulikana mpaka Ulaya kabla Kigoma haijawa kitu, ukaachwa ujipange wenyewe.

Hatusemi kwamba waliotunga TAUSI ni wakoloni. Huo ungekuwa upuuzi. Ni vijana wetu, na wamefanya kazi. Tunachosema ni kwamba sharti la karatasi laweza kubagua watu bila ya kumtaja mtu. Ukimtaka mvuvi alete mchoro unaogharimu kama bati zote za paa lake, umekwisha kumwambia asijenge kwa halali. Na chama kilichosema tangu mwanzo kwamba ardhi si bidhaa ya wachache, serikali iliyofuta umiliki wa ardhi wa moja kwa moja mwaka 1963, na nchi ambayo Sheria ya Ardhi ya 1999 inatamka kuwa ardhi yote ni ya umma chini ya Rais kama mdhamini wa raia wote, haiwezi kukubali kwamba haki ya kuijengea ardhi hiyo iwe ya mwenye kompyuta.

Kuna ndugu aliyetuuliza juzi: kama kibali kina shida zote hizo, kwa nini watu wa Simbo wasijenge tu bila kibali, kama walivyojenga baba zao? Swali ni zuri, na ndilo kiini cha maneno yetu.

Baba zetu walijenga penye nafasi. Nyumba ikiwa mbaya mahali pake ilihamishwa, maana ilikuwa ya miti na udongo, na jirani walikuja kwa msaragambo ikasimama nyingine. Nyumba ya leo ni ya tofali, saruji na bati. Ndani yake mna akiba yote ya maisha ya mtu. Haihamishiki. Na sheria zinazoizunguka mwenye nyumba hakuambiwa. Sheria ya Barabara ya 2007 na kanuni zake za 2009 zinaipa barabara kuu na ya mkoa upana wa mita 60, yaani mita 30 kila upande toka katikati. Sheria ya Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 toka ukingo wa ziwa au mto. Mita hizo wanazijua wahandisi na mawakili. Mnunuzi wa kiwanja cha njia panda ya Simbo anachojua ni kwamba karibu na barabara ndipo biashara ilipo, na kwa hiyo analipa zaidi ili akae ndani ya mita 30 ambazo siku moja zitamtoa bila ya senti moja ya fidia.

Siku hiyo ikifika hupelekwa kijana na kopo la rangi nyekundu. Alama ya X huchorwa ukutani. Mwaka 2017 watu wa Kimara na wenzao wa kando ya barabara ya Morogoro waliona nyumba zao zikibomolewa kwa kuwa zimo katika hifadhi ya barabara, ambayo kule ilihesabiwa kuwa zaidi ya mita 100 toka katikati. Humo zilikuwamo nyumba zenye umeme, maji, na watu waliokuwa wakilipa kodi ya majengo. Serikali ilipokea kodi ya nyumba kwa mkono mmoja na kushika rangi kwa mkono wa pili. Hatutaki kuhukumu hapa nani alikuwa na haki kisheria. Twauliza tu: mtu wa kwanza kuweka tofali pale, nani alimwonyesha mstari?

Na ziwa nalo lina mstari wake, na halingoji kopo la rangi. Mwaka 2020 na 2021 maji ya Tanganyika yalipanda, na watu wa mwambao wa Kibirizi wanajua maji yalikoishia. Ziwa hili lilipata kupanda zamani na litapanda tena. Wazee wa Ujiji husimulia habari za pwani iliyokuwa mbali na pwani iliyokuja karibu. Mtu aliyenyimwa kibali cha kujenga ufukweni angekasirika, ndiyo. Lakini angekuwa na nyumba mahali pengine.

Hapo ndipo tunapoona kibali ni kitu gani hasa. Wengi wetu tumekizoea kama risiti: umelipa, umepewa, kaa nacho. La. Kibali ni neno la serikali kwa mwananchi, kwamba mahali hapa tumepaona, nyumba hii tumeitazama, jenga, hatutakuja kesho na rangi. Kama serikali haikutoa neno hilo mapema, haina uso wa kumlaumu mtu aliyejenga. Nalo neno hilo ni haki ya mwananchi, wala si hisani ya ofisi.

Basi na tutazame wenzetu waliotutangulia katika mambo ya mtandao, tusije tukadhani mashine yenyewe ndiyo dawa. Nairobi ilianza kupokea michoro ya ujenzi kwa mtandao mwaka 2011. Ulikuwa mwanzo mzuri, ingawa baadaye mfumo ulizimika mara kwa mara na wasanifu wakakaa wakingoja bila ya kujua maombi yao yako wapi. Lakini usiku wa tarehe 29 Aprili 2016, katika mtaa wa Huruma mjini humo humo, jumba la ghorofa 6 liliporomoka na kuua watu wapatao 50. Jumba hilo halikuwa na idhini, na lilikuwa limekwisha kuorodheshwa libomolewe. Mfumo ulikuwapo miaka mitano. Haukuliona, kwa sababu hakuna aliyelileta mbele yake.

Na kwetu Dar es Salaam, tarehe 29 Machi 2013, jengo la mtaa wa Indira Gandhi lilianguka na kuua watu zaidi ya 30. Hilo lilikuwa na kibali, ila kibali kilikuwa cha ghorofa chache kuliko zilizojengwa. Novemba 2024 Kariakoo ikalia tena. Mfumo una macho ya kusoma michoro, miguu hauna. Mkaguzi ndiye mwenye miguu, naye yataka apewe pikipiki na mafuta, aje auone msingi kabla haujafukiwa, aje alione linta, aje alione paa. Mwashi mzuri hamwogopi mkaguzi. Aghalabu humkaribisha, maana ushahidi wa kazi yake umeandikwa. Tutawasifu vipi watu walionunua kompyuta mpya za ofisini ikiwa mkaguzi wa wilaya anaomba lifti ya bodaboda kwenda kuona nyumba?

Sasa twasema tunalolitaka, na tunalisema wazi ili asitokee mtu akadai hatukueleweka.

La kwanza na kubwa, mfumo uwe na ramani zake wenyewe. Nchi hii ina utafiti wa serikali juu ya nyumba za gharama nafuu tangu mwaka 1971, kazi iliyorithiwa na Wakala wa Taifa wa Utafiti wa Nyumba na Vifaa vya Ujenzi, na mafundi wengi wamefundishwa matofali ya kufungamana yanayookoa saruji. Wasanifu hawakosekani, na wahandisi hawakosekani. Kwa nini basi pasichorwe ramani kumi, kumi na tano, za nyumba anazojenga mtu wa Simbo kweli, za tofali la kuchoma na bati, chumba na sebule, vyumba vitatu, nyumba yenye duka mbele, zikapitishwa mara moja na wataalamu wote, zikawekwa humo bure? Mwombaji achague moja kwa namba. Mtaalamu asisome upya mchoro uliokwisha kusomwa. Aende akatazame mahali tu. Mwenye kutaka jumba la namna yake aajiri msanifu wake, hatumzuii. Lakini mwenye vyumba vitatu asitozwe gharama ya mwenye ghorofa tano.

Jambo hili likifanyika, nusu ya kazi ya dalali imekwisha. Nusu ya pili itakwisha ikiwa ofisi ya kata itakuwa na kompyuta moja na mtu mmoja aliyeajiriwa na halmashauri kumsaidia mwombaji kujaza, kwa Kiswahili, na kwa namba ya simu ya mwombaji mwenyewe. Na pale penye swali la kiwanja na kitalu, mfumo ujue kwamba Tanzania ina vijiji. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 inaitambua hati ya hakimiliki ya kimila. Mfumo wa serikali usiotambua hati ya serikali hiyo hiyo unachekesha.

Pili ni mistari. Mita 30 za barabara na mita 60 za ziwa na mito zionyeshwe katika ramani ya mfumo, kila mtu azione kabla ya kununua, si baada ya kujenga. Lakini tusiishie kwenye kioo cha simu. Zichorwe katika ubao ukutani mwa ofisi ya kijiji, na vigingi vya zege vipigwe ardhini ambako hata mtoto atavijua. Hapa tuseme na jambo lisilopendeza kusikika. Wako viongozi wa vijiji na vitongoji, na baadhi yao wana kadi ya chama mfukoni, wanaopiga muhuri mauziano ya ardhi wanayojua kabisa kuwa imo ndani ya hifadhi ya barabara. Wanapokea chao, na miaka kumi baadaye wanasimama na wananchi kuilaani serikali. Kiongozi wa namna hiyo asipewe dhamana tena na tawi lolote.

Tatu, siku zihesabiwe. Kompyuta inajua ombi lilipoingia na linapotoka. Basi hesabu hiyo isiwe siri ya ofisi. Kila mwezi ibandikwe kwenye ubao wa matangazo: maombi mangapi yameingia, mangapi yamekubaliwa, mangapi yamekataliwa na kwa sababu gani, na lililokaa kuliko yote limekaa siku ngapi na katika meza ya nani. Anayekataliwa aandikiwe sababu kwa Kiswahili cha kueleweka pamoja na jambo la kurekebisha. Neno "imerudishwa" peke yake si sababu.

Tunajua jibu tutakalopewa: hakuna fedha, na mipango ya miji ni kazi ya muda mrefu. Kuhusu fedha, kupima ardhi kabla ya watu kujenga ni rahisi kuliko kupima kati ya nyumba zilizokwisha kubanana. Waulizwe maafisa ardhi wa mji wowote waliohangaika na urasimishaji, wakitafuta mahali pa kupitisha njia ya gari la zimamoto katikati ya kuta za watu. Kuhusu muda, kweli. Ndiyo maana tunasema sasa, Simbo ingali na mashamba, wala si siku itakapotangazwa kuwa mji.

Baraza la Madiwani hukutana kila robo ya mwaka, na diwani hutumwa na watu. Kabla hajaondoka kwenda kikao kijacho, matawi yamwite, yamkabidhi maneno haya kwa maandishi. Akirudi aitwe tena, mkutanoni, mchana, mbele ya watu, aseme ni ramani ngapi zimekubaliwa, kigingi cha kwanza cha mita 30 kitapigwa lini pale njia panda, na nani ameajiriwa kukaa kwenye kompyuta ya kata.